Kikomo Kwanza, Umeme Baadaye

Mnunuzi wa pawa saplai ya mezani, ile mashine ya fundi inayotoa umeme kwa volti na ampea anazochagua, huuliza mambo matatu dukani: volti ngapi, ampea ngapi, na je, ina proteksheni, yaani kinga? Muuzaji hujibu: thelathini, kumi, na proteksheni ipo. Mara nyingi majibu yote matatu ni ya kweli. Swali linalosahaulika ni la nne: hiyo proteksheni inamlinda nani?

Nimetengeneza vifaa vya umeme hapa Mombasa kwa miaka mingi. Hupokea radio za boti, simu, ruta, kamera za ulinzi, na siku hizi kontrola za tuktuk za umeme. Kila kijana anayekuja kujifunza kwangu husikia neno hili mapema: kinga iliyoandikwa kwenye boksi ni ya mashine yenyewe. Ukiipiga shoti, haitaungua. Kinga ya kifaa cha mteja haimo ndani ya boksi. Unaiweka wewe, kwa mkono wako, kabla umeme haujatoka.

Tufanye hesabu, maana hesabu ndiyo inayotisha hapa. Chukua mashine ya volti 30 na ampea 10, kikomo chake cha ampea kikiwa kimezungushwa hadi mwisho, kama mafundi wengi wanavyokiacha. Iunge kwenye bodi ya simu ambayo kapasita yake moja (kijenzi kinachohifadhi umeme kidogo) imepiga shoti, ukinzani umebaki omu 0.05 tu. Ampea 10 zikipita hapo, joto lake ni 10 mara 10 mara 0.05, yaani wati 5, katika kitu kisichofika hata milimita mbili. Joto hilo linayeyusha risasi ya kulehemia, linababua bodi na kuharibu tabaka za ndani ambazo hakuna kifaa cha kuzifikia. Mashine yenyewe itakuwa imetimiza kazi yake sawasawa: imeona shoti, imejizuia kwenye ampea 10, iko salama salimini. Iliyokwenda ni simu. Na kwa mama anayeuza ndizi Kongowea, simu hiyo ndiyo anayopokelea malipo ya M-Pesa na ndiyo yenye namba za wateja wake wote. Sioni jambo dogo hapo.

Sasa tuingie kwenye namna mashine inavyofikiri. Pawa saplai ya mezani ina vikomo viwili, cha volti na cha ampea, na wakati wowote inatii kimoja tu: kile kilichofikiwa kwanza. Tuseme umeiweka volti 12 na ampea 1. Ukiunga mzigo, yaani kifaa kinachotumia umeme, wa omu 24, mzigo utakunywa nusu ampea, kikomo cha ampea hakijaguswa, volti zinabaki 12. Taa ya C.V. (volti zimeshikiliwa) itawaka. Ukiunga mzigo wa omu 6, mzigo huo ungetaka ampea 2, lakini umeruhusu 1. Mashine inashusha volti mpaka ampea zibaki 1, na utasoma volti 6 kwenye kioo. Taa ya C.C. (ampea zimeshikiliwa) itawaka. Ni kama lango la feri pale Likoni: umati ulioko nje haubadilishi idadi inayoruhusiwa kupanda, lango linapitisha kiasi chake.

Wanaoanza huiona taa ya C.C. na volti zilizoanguka, wakasema mashine ni mbovu. Wengine huzungusha kitasa cha ampea juu ili volti zirudi. Hapo ndipo ninapowashika mkono. Volti zilizoanguka ni habari. Mashine inakwambia kwamba kifaa hiki kinataka umeme mwingi kuliko ulivyosema kinahitaji. Ama ulikisia vibaya, ama kifaa kina shoti. Huna haki ya kuongeza kabla hujajua ni lipi kati ya hayo mawili.

Kuweka kikomo chenyewe si kazi ngumu. Mashine za kisasa zenye kitufe cha kutolea umeme hukuonyesha kwenye kioo ulichoweka kabla hujakibonyeza. Zile za vitasa vya zamani hazionyeshi, kwa hiyo zinahitaji mbinu: shusha volti hadi 1 au 2, gusanisha waya mwekundu na mweusi, kisha zungusha kitasa cha ampea mpaka kioo kisome unachotaka. Tenganisha waya, weka volti zako, umemaliza. Vijana huogopa kugusanisha zile waya, kwa sababu wamefundishwa tangu utotoni kwamba shoti ni moto. Kwenye mashine yenye C.C. ya kweli, hiyo ndiyo njia yenyewe ya kupima kikomo. Kwenye adapta ya kawaida isiyo na kitasa cha ampea, usithubutu.

Kazi ngumu ni kuchagua namba. Hapa hakuna mkato, inabidi ujue kifaa. Radio ya VHF ya boti ni mfano ninaoupenda. Imetengenezwa kwa volti 13.8. Ikiwa imetulia inasikiliza, haifiki ampea 1. Ukibonyeza kuongea kwa wati 25, inaruka hadi ampea 5 au 6. Fundi anayeweka ampea 10 tangu mwanzo kwa sababu "si itahitaji nyingi ikiongea" ameitupa kinga yake bure. Mimi huanza na ampea 1. Ikiwaka na kusikiliza vizuri ndani ya ampea hiyo, nimejua upande wa mapokezi hauna shoti. Kisha naunga mzigo bandia mahali pa antena, napandisha hadi 7, ndipo nabonyeza kuongea. Kila hatua ya kazi ina kikomo chake, na kikomo hupanda tu baada ya hatua iliyotangulia kuthibitishwa.

Simu ni hivyohivyo, ila kwa namba ndogo. Volti 4, kikomo miliampea 100 au 200, na usibonyeze kitufe cha kuwashia. Simu nzima iliyozimwa haipaswi kunywa kitu, labda miliampea chache. Ikiwa kioo kinaonyesha 80 au kimegonga kikomo kabla hujagusa kitufe chochote, kuna mahali umeme unavuja, na umelijua hilo bila kuchoma kitu. Ikiwa iko kimya, sasa pandisha kikomo hadi ampea 2, bonyeza kitufe, utazame namba zinavyocheza simu inapoamka. Fundi aliyezoea huzisoma namba hizo na kujua simu imekwama wapi.

Na wale wanaotafuta shoti kwa kuingiza umeme moja kwa moja kwenye njia fulani ya bodi, ili kijenzi kibovu kipate joto na kuonekana kwa kamera ya joto au kwa moshi wa flaksi (dawa ya kulehemia): tafadhali, jueni volti za njia hiyo kwanza. Njia kuu ya simu inavumilia volti 4. Njia inayolisha prosesa mara nyingi haifiki volti 1. Ukiingiza 4 pale kwa sababu ndizo zilizokuwa tayari kwenye kioo, na ile shoti ikafunguka ghafla kwa joto, volti zote 4 zitamwagika kwenye prosesa. Kikomo cha ampea hakitakusaidia hapo, kwa kuwa prosesa inauawa na volti. Anza na volti 0.5, na usipite kiwango cha njia hiyo hata kwa dakika moja.

Lipo jambo ambalo mashine haisemi popote usoni mwake. Ndani, kwenye mdomo wa kutolea umeme, kuna kapasita. Inatuliza volti, nayo imejaa muda wote umeme ukiwa wazi. Saketi ya kikomo iko nyuma ya kapasita hiyo, haiwezi kuzuia kilichokwisha kupita. Ndiyo maana unaweza kuweka volti 12 na kikomo cha miliampea 20, ukagusisha taa ndogo ya LED kwenye waya zenye umeme, ikawaka ghafla mara moja na kufa. Mwanafunzi atakuapia kwamba kikomo kilikuwa 20, na atakuwa anasema kweli. Kapasita ilimwaga kilichokuwemo kabla kikomo hakijaamka. Dawa ni mpangilio: umeme umefungwa, weka volti, weka ampea, unga kifaa, hakikisha chanya na hasi, halafu mwisho kabisa bonyeza kitufe. Mashine isiyo na kitufe, shusha volti hadi sifuri, unga, kisha pandisha taratibu. Kuna nyingine pia huruka volti kidogo zinapowashwa au kuzimwa kwa swichi kubwa, kwa hiyo swichi hiyo isiguswe kifaa kikiwa kimeungwa.

Mtu huniuliza: kama kikomo cha volti kipo, OVP (kinga ya volti kuzidi) ni ya nini? Ni ya siku ambayo kikomo cha volti kimeshindwa. Kiwiko kinaweza kugusa kitasa. Kwenye mashine zenye waya za kupimia volti kule mwisho kwenye mzigo, waya hizo zikichomoka mashine hudhani volti zimeanguka na kuzipandisha. Baya zaidi ni transista kubwa ya ndani, ile inayodhibiti umeme unaotoka, kupiga shoti. Katika mashine za transfoma nzito, umeme ulio nyuma ya transista hiyo unaweza kupita volti 40, nao utatoka wote kwenda kwenye radio ya mteja. OVP ni jicho la pili linalojitegemea, nalo hukata. Radio ya volti 13.8 kwa kawaida huvumilia asilimia 15 juu au chini, yaani inafika karibu 15.9, basi OVP naiweka 15. Saketi ya volti 5 naiwekea 5.5. Usiibane mno ikakaa kwenye 5.05, maana itakata kwa kelele ndogo tu ya umeme, na fundi aliyekatiwa mara nyingi bila sababu mwishowe huizima kabisa.

OCP (kinga ya ampea kuzidi) nayo huchanganywa na C.C., ilhali tabia zao ni mbalimbali. C.C. hushikilia: umeme unaendelea kwenda kwa kiasi ulichoruhusu. OCP hukata kabisa na kusubiri uje. Ninapotafuta shoti nataka C.C., kwa kuwa nahitaji umeme kidogo uendelee kupita ili nione joto liko wapi. Ninapoacha kifaa kijaribiwe kwa saa nzima nikiwa nashughulika na kingine, nataka OCP, maana kitu kikiharibika nikiwa nimegeuka, sitaki kiendelee kulishwa hata kwa kiasi kidogo. Pampu ya maji ya boti na mota ya waipa hukata OCP zinapoanza tu, kwa sababu mota inayoanza hunywa mara kadhaa zaidi ya inayozunguka. Hapo tumia muda wa kusubiri kama mashine inao, au fanya kazi kwa C.C. Na mota ikisimamishwa ghafla hurudisha umeme ilikotoka. Izuie kwa diodi, kijenzi kinachopitisha umeme upande mmoja tu: diodi ni rahisi kuliko pawa saplai mpya.

Kinga ikikata, toa mkono kwenye kitufe. Kubonyeza tena "kuona kama itashika" ndiko kunakomalizia vifaa vilivyokuwa bado vinaponyeka.

Betri ndizo zinazonifanya nizungumze kwa sauti. Radio ikizimwa haina umeme wa kurudisha, betri inao. Betri ya boti ya volti 12 inaweza kutoa mamia ya ampea kwa sekunde, na ukiiunga kinyume, chanya kwa hasi, hakuna kitasa kitakachokusaidia: umeme unatoka kwenye betri kuingia kwenye mashine, na vikomo vyote vimeundwa kwa umeme unaokwenda upande mwingine. Kinga nyingine za OVP hufanya kazi kwa kuzifunga chanya na hasi pamoja ndani ya mashine. Zikiamka betri ikiwa imeungwa, zitakuwa zimeipiga betri shoti. Kwa hiyo unapochaji betri ya risasi kwa pawa saplai, weka volti 14.4 na kikomo cha ampea kabla ya kuunga, pima pande zake kwa mita, weka fyuzi karibu na betri na diodi inayozuia umeme kurudi, ukikumbuka kwamba diodi itakula sehemu ya volti zako. Stima ikipotea katikati, diodi hiyo ndiyo inayozuia betri isiilishe mashine iliyozimika.

Seli moja ya lithiamu ya kawaida huchajiwa hadi volti 4.2, kwa mtindo uleule wa C.C. kisha C.V., na pawa saplai inaweza kufanya hivyo kwa usahihi mkubwa. Lakini haijui joto la seli, haijui kama seli ilikwisha kushuka chini kupita kiasi, na haitasimama yenyewe ikijaa. Nikiwa nimeketi mbele yake, sawa. Kuiacha ikichaji nikaenda kuswali au kula, hapana. Mabunda ya betri za pikipiki za umeme ni jambo jingine kabisa. Bunda lenye seli 20 mfululizo hufika volti 84 likijaa, na vijana wamejua kwamba mashine yenye milango miwili ya kutolea umeme ikiungwa mfululizo hutoa volti 60. Umeme wa moja kwa moja (DC) ukifika huko si wa kuchezea, sembuse katika joto letu, mikono imelowa jasho na ngozi yenye maji hupitisha umeme kirahisi. Bunda lililofunguliwa, lisilo na saketi yake ya usimamizi, silichaji kwa pawa saplai, hata mwenyewe aniombe vipi.

Mji wetu una yake pia. Stima ikipotea na kurudi, mashine za vitasa huamka zikiwa wazi, zinatoa umeme papo hapo, na kifaa kilichoachwa mezani hupata chochote kitakachokuja. Ikipotea, chomoa. Kisha hii ni bandari, vifaa vilivyotumika hutoka kila upande wa dunia. Mashine iliyofanya kazi Japani kwenye volti 100 au Marekani kwenye 120 inaweza kuwa na swichi ndogo ya nyuma iliyo kwenye 110, nayo ikipewa volti 240 za hapa italipua kapasita zake kabla hujaiona taa. Geuza mashine, itazame swichi, na kama haina swichi soma bamba lake. Plagi yake iwe na mguu wa athi (njia ya umeme kwenda ardhini) uliokamilika, na fyuzi ya plagi ilingane na kazi: mashine ya wati 300 haihitaji fyuzi ya ampea 13, ya 5 inaitosha. Ule mdomo wa kijani katikati ni athi. Si hasi. Ukiunganisha hasi na athi, halafu ukashikisha klipu ya hasi ya osiloskopu (kifaa kinachochora mawimbi ya umeme) upande wa chanya, klipu hiyo nayo imefungwa kwenye athi, na umepiga shoti kupitia ukuta wa nyumba.

Hewa ya chumvi hula plagi za banana na klipu za mamba. Kutu ya kijani ikileta omu 0.1 tu, kwenye ampea 5 umepoteza nusu volti na unapasha klipu kwa wati 2.5. Fundi husoma 12 kwenye kioo wakati kifaa kinapata 11.5, akalaumu kifaa. Safisha klipu, tumia waya mnene, na pima volti pale kwenye kifaa chenyewe. Feni ya nyuma iachiwe nafasi, hasa miezi ya kaskazi ambapo chumba chenyewe ni tanuri. Mashine za transfoma hupata joto jingi zaidi zinapotoa volti chache kwa ampea nyingi, kwa kuwa tofauti yote inageuka joto ndani yake.

Ukienda kununua iliyotumika, chukua mita yako na taa ya mbele ya gari, ya volti 12 na wati 55. Weka volti 12 bila kitu, ampea 2, kisha unga taa na ufungulie umeme. Taa iwake kwa unyonge, C.C. iwake, na kioo kisome 2 bila kuyumba. Panda polepole hadi 5: taa ikipata joto itatulia karibu ampea 4.6 na mashine irudi C.V. Shusha OVP hadi 11, ikate hapohapo, kisha irudishe juu. Toa taa, unga mita peke yake, zima na uwashe swichi kubwa mara kadhaa ukitazama kama volti zinaruka kupita 12. Mita yenye kushika kilele itakuonyesha zaidi. Mwishowe iache na taa robo saa, uweke mkono nyuma usikie feni. Muuzaji asiyekuruhusu kufanya haya dukani kwake, nenda duka linalofuata.